Gulden, Duit na Ducat: Namna ya Kuzitambua na Kuzithamini Sarafu Kongwe za Uholanzi

Sarafu za Uholanzi zilisafiri mbali kuliko wengi wa Waholanzi waliozipiga. Kampuni yao ya Mashariki ya Hindi, iliyoasisiwa mwaka 1602 na ambayo hati yake ilikoma mwisho wa mwaka 1799, ilikuwa na nyumba za biashara Mokha katika Yemen na Bandar Abbas katika Uajemi, na makao yake makuu ya Mashariki yalikuwa Batavia, mji ambao leo ni Jakarta. Sarafu ya fedha yenye sura ya simba, iitwayo leeuwendaalder, ilienea katika masoko ya Waturuki na Waarabu hata Waarabu wakaipa jina la abu kalb, kwani simba wake, akishachakaa kwa kupita mikononi mwa watu, alishabihi mbwa.

Basi si ajabu, ewe msomaji, ukifungua bweta la marehemu babu aliyekuwa baharia, au ukipita katika soko la vitu vikuukuu Rotterdam, Muscat au Mombasa, ukakuta sarafu yenye simba, taji na maandishi usiyoyafahamu. Mwongozo huu umeandikwa ili uweze kuitambua sarafu hiyo kwa macho, sumaku na mizani, ujue kama ni ya kuhifadhiwa, ya kuuzwa au ya kupewa watoto, na usidhulumiwe na mnunuzi wala usimdhulumu.

THAMANI INATOKA WAPI

Watu wengi hudhani kwamba sarafu ikiwa kongwe, basi ni ghali. Dhana hiyo ndiyo inayowapoteza wauzaji na wanunuzi pia. Thamani ya sarafu husimama juu ya mambo matatu: madini yaliyomo, uchache wa sarafu za namna na mwaka ule zilizosalia, na hali yake, yaani kiasi gani nakshi yake imebaki kama ilivyotoka kiwandani. Umri peke yake haumo. Duit ya shaba ya karne ya 18, yenye umri wa zaidi ya miaka 200, aghalabu huuzwa kwa euro chache tu, kwa sababu zilipigwa kwa mamilioni na zilizosalia ni nyingi. Hali gulden kumi ya dhahabu ya mwaka 1895, ambayo ni changa kuliko duit hiyo kwa karibu miaka 100 au zaidi, ni kitu adimu mno, kwa kuwa mwaka ule hazikufika hata 200 zilizopigwa. Dhahabu iliyo ndani yake ni ileile iliyo katika gulden kumi ya mwaka 1932, ambayo huuzwa kila siku kwa bei inayokaribia bei ya dhahabu yake. Tofauti yote imo katika tarakimu nne za mwaka.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kusoma. Kupanga bei ni kazi ya mwisho.

KABLA YA YOTE: USIISAFISHE

Nalitaja jambo hili mapema na kwa msisitizo, kwa kuwa madhara yake hayatenguki. Katika majumba yetu ya pwani chombo cha shaba husuguliwa kwa ndimu, ukwaju na majivu mpaka kimeremete, na sinia hutoka safi na mwenye nyumba akasifiwa. Sarafu si sinia. Ule wekundu uliofifia na kuwa kahawia juu ya duit, au ule weusi laini juu ya fedha, ni ngozi iliyojijenga kwa miongo mingi, na mkusanyaji huitazama ngozi hiyo kama ushahidi kwamba kitu ni halisi na hakikuchezewa. Asidi ya ndimu huila ngozi hiyo pamoja na uso wa madini, na majivu huacha mikwaruzo midogo ambayo mtu mwenye lenzi huiona mara moja. Sarafu iliyosuguliwa yaweza kupoteza nusu ya thamani yake au zaidi, na hakuna fundi awezaye kuirudisha. Dawa ya meno na maji ya kung'arishia vyombo ni mabaya vilevile.

Ikiwa ina mchanga au matope, iloweke katika maji safi yasiyo na chumvi, iache ijikaushe juu ya kitambaa laini bila kuisugua, basi. Ishike kwa ukingo, kati ya kidole gumba na cha shahada, wala usiguse uso wake. Jasho la vidole huacha alama ambayo baada ya miaka hugeuka doa. Iweke katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi au kikasha cha plastiki ngumu, na ujihadhari na mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, kwani plastiki hiyo hutoa majimaji yanayoigeuza shaba na fedha kuwa za kijani.

HATUA ZA KUITAMBUA SARAFU

Tayarisha lenzi ya sonara, sumaku ndogo, mizani inayopima sehemu za gramu, rula yenye milimita, na daftari.

1. Soma mwaka na umtazame aliyechorwa. Tangu ufalme ulipoasisiwa, watawala waliotia sura zao katika sarafu hadi mwisho wa gulden ni sita: Willem I (1815–1840), Willem II (1840–1849), Willem III (1849–1890), kisha malkia watatu, Wilhelmina (1890–1948), Juliana (1948–1980) na Beatrix, aliyetawala kuanzia 1980. Wilhelmina alirithi ufalme akiwa mtoto wa miaka 10, na katika fedha zake utamwona akikua: kwanza binti mwenye nywele zilizoachiliwa mabegani, halafu mwanamwali mwenye taji dogo, halafu malkia aliyevaa joho la manyoya, mwishowe mwanamke mzima aliyefunga nywele kisogoni. Kuitambua sura peke yake hukupa kipindi, hata kama mwaka umefutika.

2. Soma thamani iliyoandikwa. Kabla ya mwaka 1816 gulden moja ilikuwa na stuiver 20, na kila stuiver ilikuwa na duit 8. Baadaye gulden ikagawanywa katika senti 100, lakini wananchi waliendelea kuziita sarafu kwa majina ya jadi: senti 5 ni stuiver, senti 10 ni dubbeltje, senti 25 ni kwartje, na gulden mbili na nusu ni rijksdaalder. Ukisikia majina hayo katika duka la Uholanzi, usidhani ni vitu vingine.

3. Weka sumaku. Hatua hii haichukui hata dakika moja, nayo hutenga zenye fedha na zisizo nayo. Dubbeltje na kwartje za fedha zilikoma mwaka 1945, na kuanzia 1948 zikapigwa kwa nikeli. Rijksdaalder za fedha zilikoma 1966, na za nikeli zikaanza 1969. Gulden ndiyo inayotatiza, kwa kuwa mwaka 1967 zilipigwa za fedha na za nikeli pia. Nikeli hunaswa na sumaku, fedha hainaswi. Gulden ya 1967 isiyonaswa ni ya fedha, na inayonaswa ni nikeli tupu.

4. Pima uzani na kipenyo. Gulden ya fedha ya miaka 1840 hadi 1945 ina gramu 10 na milimita 28. Gulden ya fedha ya Juliana, ya miaka 1954 hadi 1967, ina gramu 6.5 na milimita 25. Kuchakaa huondoa kidogo, walakini sarafu iliyopungua kwa kiasi kikubwa, au iliyozidi uzani wake, ina kasoro au imeghushiwa.

5. Geuza ukingo. Gulden na rijksdaalder nyingi zina maneno GOD ZIJ MET ONS, au GOD ZY MET ONS katika tahajia ya zamani, ambayo maana yake ni Mungu awe pamoja nasi. Herufi hizo zikiwa hafifu, zisizo na mpangilio, au kukiwa na mstari wa kiungo unaozunguka ukingo mzima, shuku kwamba sarafu ilimiminwa katika kalibu wala haikupigwa kwa muhuri.

6. Tafuta alama ndogo. Kiwanda cha Utrecht kina alama ya fimbo iliyozongwa na nyoka wawili, na kando yake huwa na alama ya msimamizi wa kiwanda, mathalani farasi wa baharini, kichala cha zabibu au samaki. Ukiona herufi P, D au S katika fedha za miaka ya vita, ujue zilipigwa Philadelphia, Denver au San Francisco, kwani Uholanzi ilikuwa imekaliwa na Wajerumani na serikali yake iliyohamia London iliagiza sarafu kutoka Marekani. Wakati huohuo, nyumbani, wananchi walitumia sarafu za zinki zenye rangi ya kijivu, na stuiver yake ilikuwa ya mraba. Zinki hizo huliwa na unyevu upesi. Nyingi huwa bei yake ni ndogo, ila zikibaki safi kabisa watu huzitafuta.

SANDUKU: FEDHA HALISI ILIYOMO

Fedha tupu kwa gramu, kwa sarafu isiyochakaa:
• Dubbeltje 1848–1945 (gramu 1.4, sehemu 640 kwa 1000): karibu 0.9
• Kwartje 1848–1945 (gramu 3.575, sehemu 640): karibu 2.3
• Gulden 1840–1917 (gramu 10, sehemu 945): 9.45
• Gulden 1922–1945 (gramu 10, sehemu 720): 7.2
• Gulden 1954–1967 (gramu 6.5, sehemu 720): 4.68
• Rijksdaalder 1959–1966 (gramu 15, sehemu 720): 10.8
• Gulden kumi za ukumbusho za 1970 na 1973 (gramu 25, sehemu 720): 18
• Gulden hamsini 1982–1998 (gramu 25, sehemu 925): karibu 23.1

Zidisha gramu hizo kwa bei ya fedha ya siku hiyo, nawe utapata kima cha chini ambacho hupaswi kukubali chini yake, isipokuwa punguzo dogo la mnunuzi kwa ajili ya kazi yake.

Kwa nini sehemu 945 zikawa 720? Vita Kuu ya Kwanza iliinua bei ya fedha mpaka madini ya gulden yakawa ghali karibu na thamani yake au kuipita, na mtu angeweza kuiyeyusha kwa faida. Sheria ya 1919 ikapunguza fedha. Kwa sababu hiyo mwaka ulioandikwa ndio unaoamua, wala si ukubwa wa sarafu, na muuzaji asiyejua hilo hupoteza robo ya mali yake.

SARAFU ZA KAMPUNI NA ZA VISIWA VYA MASHARIKI

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hizi ndizo zinazofika mara nyingi zaidi katika bandari za bahari yetu. Kuanzia mwaka 1726 Kampuni ilipigiwa duit za shaba zenye alama yake upande mmoja: V kubwa, na juu ya mikono yake miwili herufi O na C, na chini yake mwaka. Upande wa pili una ngao ya jimbo lililoipiga: simba wa Holland, simba anayechomoza katika mawimbi kwa Zeeland, ngao iliyogawanywa kwa mshazari kwa Utrecht. Alama hiyo haikuwekwa kwa fahari. Uholanzi duit 8 zilifanya stuiver moja, lakini Java duit 4 zilitosha, na mabaharia wakawa wanazipakia kwa siri ili wapate faida maradufu. Kampuni ilipoweka chapa yake ikaweza kutofautisha duit zake na za magendo.

Duit halisi ina uzani wa gramu 3 hivi na kipenyo kinachozidi milimita 20 kidogo. Shaba yake huwa na ukingo usiosawazika, na nakshi haikai katikati daima. Zinazouzwa kwa wasafiri huwa nene mno, nzito mno, au laini kama sabuni zikiguswa, na ukizitazama kwa lenzi utaona vitundu vidogo vya kumiminwa.

Baada ya Kampuni kuvunjwa, serikali ya Uholanzi iliendelea kupiga sarafu za visiwa hivyo, zenye maneno NEDERLANDSCH INDIE, na upande wa pili zina maandishi mawili, ya Kijava na ya Kiarabu. Msomaji wetu aliyesoma chuoni ataziona alifu, lamu na rai akafikiri ni sarafu ya Oman au ya Unguja. Azisome taratibu: herufi ni za Kiarabu lakini lugha ni Kimalai, zikitaja thamani kwa rupia. Pesa ya shaba ya Sultan Barghash ya mwaka 1299 Hijria ina sura ya mizani. Hizi za Uholanzi hazina mizani. Robo gulden ya visiwa hivyo ni ya fedha, sehemu 720, uzani gramu 3.18, na za miaka 1941 hadi 1945 zilipigwa Marekani kwa wingi sana, kwa hiyo usilipe zaidi ya bei ya fedha yake isipokuwa ni mpya kabisa.

DHAHABU

Ducat ndiyo sarafu ya Uholanzi yenye historia ndefu kuliko zote. Ilianza mwaka 1586 na hadi leo hupigwa, na ina askari mwenye deraya aliyeshika upanga mkono mmoja na fungu la mishale mkono wa pili, mishale iliyoashiria majimbo yaliyoungana dhidi ya Mhispania. Kumzunguka huandikwa, kwa ufupisho, CONCORDIA RES PARVAE CRESCUNT, yaani kwa umoja mambo madogo hukua. Herufi TRA zikifuata maneno hayo ni Utrecht, HOL ni Holland. Uzani wake ni gramu 3.49, na ni karibu dhahabu tupu, sehemu 983 kwa 1000. Kwa kuwa iliaminika kila mahali, Warusi nao waliiiga huko St. Petersburg katika karne za 18 na 19, na nakala hizo zina dhahabu kamili. Ni kazi ya mtaalamu kuzitenga.

Gulden kumi ya dhahabu ina gramu 6.729, sehemu 900, yaani gramu 6.056 za dhahabu tupu. Zile za 1875, 1917, 1925, 1926, 1932 na 1933 ni nyingi. Za 1892 na 1895 ni adimu kabisa, na kwa sababu hiyohiyo waghushi huzibadilisha tarakimu. Ukipata mojawapo ya miaka hii miwili, usiinunue wala kuiuza kabla ya kuchunguzwa.

Tahadhari moja kwa watu wa pwani: sarafu nyingi za dhahabu zilitobolewa au kutiwa kishikio ili zivaliwe kidani. Tundu huondoa thamani ya mkusanyaji karibu yote; itabaki dhahabu. Lakini kidani kilichorithiwa kwa bibi kina thamani nyingine, na mimi nisingekivunja.

LUGHA YA DARAJA

Katika maduka na minada ya Uholanzi utasikia daraja nne za hali: Fraai, yaani imechakaa lakini inasomeka, Zeer Fraai, imechakaa kidogo, Prachtig, ina alama chache mno za matumizi, na FDC, haijatumika. Kati ya daraja moja na inayofuata bei yaweza kuzidi maradufu, kwa hiyo mtu akikutajia bei ya katalogi, muulize ni ya daraja gani. Chama cha wafanyabiashara wa sarafu wa Uholanzi, NVMH, hutoa katalogi ya sarafu za tangu 1806, na katalogi za kimataifa hutumia namba za KM. Kwa ukaguzi wa kwanza yoyote yatosha.

MAKOSA YANAYOREJEWA MARA KWA MARA

• Kusafisha, nalo nimelisema.
• Kuamini bei wanazoomba wauzaji. Bei ya kweli ni ile iliyolipwa mnadani.
• Kuuza kasha zima kwa mkupuo bila kulisoma, kwa kuwa nikeli mia huficha fedha tatu.
• Kudhani kwamba sarafu ya kumbukumbu ni adimu. Gulden ya 1980 yenye nyuso mbili, za Juliana na Beatrix, na gulden ya mwisho ya 2001, yenye simba aliyechorwa na mtoto, zilihifadhiwa na watu wengi mno.
• Kununua sarafu iliyochimbwa au kutolewa katika meli iliyozama bila hati. Vitu vya namna hiyo huweza kuwa mali ya taifa. Ulizia idara ya mambo ya kale ya nchi husika kabla ya kutoa fedha zako.

UKIKUSUDIA KUUZA

1. Andika orodha: aina, mwaka, uzani, alama, hali. Piga picha pande zote mbili na ukingo.
2. Tenga mafungu matatu: zenye thamani ya madini tu, zenye shaka, na zinazoonekana adimu.
3. Fungu la kwanza lipeleke kwa wanunuzi wawili au watatu wa madini, ukilinganisha na hesabu ya sanduku letu.
4. Fungu la pili na la tatu lionyeshe kwa mfanyabiashara wa sarafu aliyesajiliwa. Muulize kwanza kama hutoza kukadiria, na usimwachie kitu bila stakabadhi.
5. Kwa iliyo adimu, mnada ni bora, ila soma masharti: malipo ya dalali, ada ya mnunuzi na muda wa kulipwa.
6. Ukiuza kwa mtu usiyemjua, kutaneni mahali pa watu, na fedha zihesabiwe kabla ya sarafu kutoka mkononi mwako.

NA NOTI JE?

Sarafu za gulden zilikoma kuwa halali tarehe 28 Januari 2002, na De Nederlandsche Bank iliacha kuzibadilisha mwanzoni mwa 2007. Kwa hiyo gulden ya nikeli leo haina benki itakayoipokea.

Noti zina hukumu nyingine. Noti za matoleo ya mwisho bado hubadilishwa na benki hiyo kwa kiwango kisichobadilika cha gulden 2.20371 kwa euro moja: gulden 10 ya buluu yenye ndege mdiria, gulden 50 ya alizeti, gulden 250 ya mnara wa taa, gulden 1000 na nyinginezo. Gulden 100 hukupa euro 45.38, na gulden 250 hukupa euro 113.45. Noti za matoleo ya kale zaidi zina muda mfupi au zimekwisha muda, basi angalia mwaka uliochapwa na uiulize benki kabla ya kupeleka. Itakutaka fomu, kitambulisho na akaunti. Kwanza, hata hivyo, mwonyeshe mkusanyaji noti iliyo safi isiyokunjwa, kwani huenda akakulipa zaidi ya benki. Iliyochanika au kuchakaa ipeleke benki moja kwa moja.

Usiliache jambo hili kwa watoto wako. Mwisho wa kubadilisha noti hizo ni tarehe 1 Januari 2032.